Benchi la Mwerezi

Jumapili, Machi 1, 1981

Nimeanza daftari hili ili niandike kila kitu ninachotengeneza kwa mikono yangu. Mume wangu Makau akirudi safari na lori lake atasoma mwenyewe, aache kuniuliza kama nimeita fundi. Mimi Nzilani sijaita fundi tangu tuhamie mtaa huu wa Jericho, na huu ni mwaka wa tisa. Baba yangu alikuwa mchongaji kule Wamunyu, hakupata mtoto wa kiume wa kumwachia patasi zake, basi akaniachia mimi.

Leo baada ya misa nimebadilisha washa, ile pete ya mpira, ya mfereji wa Mama Wacuka, jirani yangu wa ukuta mmoja. Kila baada ya miezi miwili mfereji huo unadondoka kwa sababu anaufunga kwa nguvu, utadhani anakamua blanketi. Nimemwambia. Akacheka, akanitilia chai na kunipa viazi vitamu.

"Mama Kalekye," akasema, "siku ukihama hapa, na mimi nafunga virago."

Nilirudi kwangu nikitembea kwa maringo.

Jumanne, Machi 3

Panya amenaswa. Mmoja tu, tena mzee.

Jumamosi, Machi 7

Jumuiya yetu inasali kila Jumamosi jioni, na zamu za kukaribisha ni za nyumba nne: kwa Teresiah ambaye ndiye mwenyekiti, kwa Mama Wacuka, kwa Aloo mshonaji, halafu kwangu. Akina mama wengine wa mstari wa nyuma huja tu kusali. Leo tulikuwa kwa Teresiah. Walioketi saba, waliosimama watano, na mmoja mjamzito kati ya waliosimama. Nikanyoosha mkono, nikasema nitatengeneza benchi la jumuiya, la kukaa watu sita, lizunguke nasi. Kila nyumba italilaza wiki nzima, Jumamosi inayofuata lihamie kwingine. Wakapiga vigelegele. Nilifurahi mpaka nikasahau mwavuli wangu kwa Teresiah.

Jumanne, Machi 10

Nilipotoka kazini, pale stoo ya kiwanda cha rangi ninakofanya ukarani, nilipitia Eastleigh. Kuna lojingi, nyumba ya wageni, inabadilisha vitanda vya mbao kwa vya chuma, na msimamizi wake, mzee Barre, anauza vile vya zamani vikiwa vimefunguliwa. Nikainama nikanusa. Mwerezi mtupu, mwekundu, mbao ambazo siku hizi hupati. Barre akaniona nikizipapasa.

"Chukua, mama, lakini sikia," akasema. "Hii mbao ya kitanda. Ukifika nyumbani mwaga maji moto kwanza. Moto kabisa."

"Huu ni mwerezi, mzee. Mdudu hali mwerezi."

"Mchwa ndiye hali mwerezi. Kunguni hali mbao, mama. Kunguni anakula mtu."

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Mtu wa kukodisha vyumba anifundishe mbao mimi, binti wa mchongaji! Ni kweli baba alikuwa na sheria yake, kwamba mbao ya mgeni ioshwe kwa maji ya moto kabla haijaingia nyumbani, lakini baba alichonga mipingo na mihugu. Mwerezi hakuufanyia kazi.

Ijumaa, Machi 13

Benchi limekwisha. Matundu ya misumari ya zamani nimeyaacha, yanalipa sura ya utu uzima. Vanishi nimepaka mara tatu. Binti yangu Kalekye anajiangalia humo kama kiooni, na ana miaka kumi na mmoja, umri wa kujiangalia.

Jumamosi, Machi 14

Benchi limefunguliwa rasmi kwa Mama Wacuka. Teresiah alilinyunyizia maji ya baraka. Mama Wacuka akalifuta kwa kanga yake kabla ya mtu kukaa, akasema, "Hili tukilivunja tumelaaniwa." Wakati wa maombi Teresiah alimshukuru Mungu kwa mikono ya dada Nzilani. Niliinamisha kichwa ili wasione jinsi nilivyotabasamu.

Jumanne, Machi 17

Mvua imeanza. Mtaro wa nyuma umeziba, nimezibua kwa fimbo ndefu na matusi. Nimetoa sufuria moja na kiatu cha mtu.

Jumapili, Machi 22

Jana benchi lilihamia kwa Aloo. Mvua.

Jumatano, Machi 25

Mama Wacuka alinivuta kando pale tunapoanika nguo. Alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu na jasho linamtoka. Akapandisha mkono mmoja wa sweta. Vipele vitatu vitatu, vimejipanga mstari.

"Nimeona kitu kitandani," akasema kwa sauti ya chini. "Mama Kalekye, mimi sijawahi. Tangu nimezaliwa sijawahi. Nisaidie na usinitoe kwa watu."

Nilimwahidi. Tukafunga mlango, tukachemsha maji kwenye debe, tukamwagia fremu ya kitanda, tukapitisha unyoya wa kuku wenye mafuta ya taa kwenye kila pembe na kila mshono wa godoro. Nilimweleza kwamba mara moja haitoshi, kwamba mayai hayafi kirahisi, kwamba arudie baada ya siku nane. Aliitikia yote kama mtoto wa shule. Nilikuwa mpole kwake, sikatai. Lakini moyoni nilikuwa nikisema: hivi mwanamke huyu anayeng'arisha sakafu kila siku, kumbe chini ya kitanda ni hivyo? Niliangalia nyumba yake kwa jicho jingine, nikaanza kuona utando wa buibui ambao haukuwepo wiki iliyopita. Au ulikuwepo.

Jumapili, Machi 29

Jana jumuiya ilikuwa kwangu. Benchi limependeza chini ya dirisha langu.

Alhamisi, Aprili 2

Aloo ameniuliza dawa ya kuwashwa. Mtoto wake wa mwisho anajikuna shingo. Nikamwambia ni joto la mvua. Nilijua si joto. Nilijua Aloo hupita kwa Mama Wacuka kila jioni kuazima pasi.

Jumatano, Aprili 8

Kalekye ameamka na mstari wa vipele mgongoni. Nilipasua mshono wa godoro, nikawakuta watatu, wamenona. Nilikaa sakafuni na hasira zangu. Nilimsaidia yule mama, nikaingia chumbani kwake, nikapiga magoti chini ya kitanda chake, na malipo yangu ndiyo hayo. Amenipa wadudu wake nikawabeba kwenye pindo la gauni. Nimetoa godoro, nimetumia mafuta ya taa yote, nyumba inanuka kama gereji. Majirani wakiuliza nasema nimemwaga taa.

Jumamosi, Aprili 11

Kesho ni Jumapili ya Matawi. Leo jumuiya ilikuwa kwa Mama Wacuka tena, na benchi limeletwa kutoka kwa Teresiah.

Nataka niandike jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa nimevaa gauni langu la krimu. Nilisimama mbele ya kiti chake cha kitambaa, nikafungua mkoba, nikatoa gazeti la jana nililolibeba kwa makusudi. Nikalitandika kitini, nikalilainisha kwa kiganja, nikakaa juu yake. Sikusema neno. Teresiah alinitazama, akatazama kiti. Mwenzake wa kando akanyanyuka kidogo, akajipangusa nyuma. Mmoja akaniuliza kama nina karatasi nyingine. Nikampa ukurasa wa michezo.

Mama Wacuka alitoka jikoni na birika, akatukuta tunagawana magazeti. Akafikiri tunahifadhi nguo zetu za kanisani. "Ngojeni, ngojeni," akasema, "kuna mengine juu ya kabati," akapanda kwenye stuli akatuletea. Alitugawia mwenyewe, mmoja mmoja.

Kwenye benchi hakuna aliyetandika kitu. Benchi lilikuwa langu, nani angeliogopa?

Jumanne, Aprili 14

Teresiah amenisimamisha njiani.

"Mama Kalekye, uliona nini kwa Mama Wacuka?"

"Mimi sijasema kitu," nikajibu.

"Sikuulizi umesema nini. Nakuuliza uliona nini."

Nikatazama chini, nikapiga kimya. Kimya kingine kinasema kuliko redio. Teresiah akavuta pumzi, akasema "Haya," akaenda zake. Nilijiambia kwamba ahadi sijaivunja.

Jumapili, Aprili 19

Pasaka. Jana jumuiya haikukutana kwa ajili ya mkesha. Mvua mchana kutwa. Kuku alikuwa mgumu.

Jumamosi, Aprili 25

Kwa Aloo. Mama Wacuka alichelewa kwa sababu ya foleni ya mafuta ya taa, na kabla hajafika ikaamuliwa kwamba zamu yake ijayo irukwe, "apumzike kidogo." Hakuna aliyepinga. Alipoingia, benchi lilikuwa na nafasi katikati. Alipoketi, wa kulia akasogea kulia, wa kushoto akasogea kushoto. Alitabasamu, akadhani wanampa nafasi.

Alhamisi, Aprili 30

Wacuka, binti yake, yule anayefanya kazi ya simu mjini, ameposwa! Kijana anaitwa Ngigi. Wazazi wake na wazee wao wanakuja kubisha hodi, yaani kujitambulisha rasmi, Jumamosi ya tarehe 23 Mei, watu wanane. Mama Wacuka alinieleza haya akiwa ameshika mikono yangu yote miwili. Alimlea msichana peke yake tangu baba yake afariki, na ukoo wa baba ulishasema kwamba mtoto wa kulelewa na mjane mjini haolewi kwa heshima. "Wakifika wakute nyumba imejaa watu," akasema. "Wakute nina majirani." Nikamwambia watakuta.

Jumapili, Mei 3

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Jana jumuiya ilikuwa kwangu, kwa hiyo benchi liko hapa. Makau amerudi kutoka Malaba, na asubuhi jua lilitoka, jua la kwanza kali baada ya karibu wiki saba za mvua. Akalibeba benchi nje akaliweka ukutani, akakaa kupiga viatu rangi. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele, na nilikuwa namsimulia habari za Mama Wacuka. Nilikuwa nimefikia pale kwenye uchafu. Nilisema, nakumbuka maneno yangu: "Mtu anaweza kupiga sakafu rangi na moyo wake ukawa jalala."

Makau akaacha kupiga brashi.

"Nzilani, njoo uone."

"Nini?"

"Njoo tu."

Alikuwa amesimama anatazama tundu la msumari. Vanishi ilikuwa imepata joto, mbao imepanuka. Akatoka mmoja, mwekundu, bapa, akasimama ukingoni kama mtu anayeangalia kama mvua imekatika. Nyuma yake akatoka mwingine. Makau akachukua nyundo, akagonga ubao mara moja. Wakamwagika. Walitoka kwenye kila tundu, kwenye kila kiungo nilichokibana kwa mikono yangu, wakubwa na wadogo.

Makau si mtu wa maneno mengi. Alinitazama, akasema, "Nyani haoni kundule," akarudi kwenye viatu vyake. Kisha akahama, akaenda kupigia rangi kwenye ngazi ya mlango.

Nilihesabu kwa vidole. Benchi lilianza kwa Mama Wacuka, na wiki ya pili akaanza kujikuna. Likaenda kwa Aloo, mtoto akajikuna shingo. Likaja kwangu, Kalekye mgongo. Teresiah ndiye hajasema, lakini Teresiah huvaa mikono mirefu tangu Pasaka. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilimsikia Barre: kunguni anakula mtu. Mzee wa watu aliniambia kwa upole, akarudia, nami nikacheka njia nzima. Na baba pia aliniambia, miaka yote ya utoto wangu.

Si Mama Wacuka aliyeniletea. Mimi ndiye niliyempelekea, likiwa limepakwa vanishi na kunyunyiziwa maji ya baraka. Kisha nikamfundisha kuwaua. Kisha nikatandika gazeti.

Naona aibu hata mbele ya daftari hili.

Jumatatu, Mei 4

Nimelifunga benchi kwa gunia na kamba, liko jikoni. Maji ya moto yangelitibu kwa saa moja. Lakini debe moja halitoshi, ingebidi niwashe moto uani, na uani kuna macho. Wangeuliza.

Jumamosi, Mei 9

Kwa Teresiah. Waliuliza benchi liko wapi. Nikasema limevunjika mguu.

Asubuhi, kabla ya kwenda, nilikuwa nimechukua nyundo na kuuvunja, ili nisiwe mwongo. Naandika hili nikijua mtu mwenye akili timamu hawezi kulisoma bila kucheka. Nilivunja mguu wa mwerezi mzima ili uongo wangu uwe kweli.

Jumanne, Mei 12

Mvua. Gata ya kukinga maji ya paa imeachia tena upande wa Mama Wacuka. Nimepanda nikaifunga kwa waya bila kuambiwa. Alinishikia ngazi. "Mungu akubariki," akaniambia kutoka chini. Karibu nianguke.

Jumatatu, Mei 18

Alikuja saa kumi na moja jioni, nilipofika tu kutoka kazini. Alisimama mlangoni, hakuingia, na hilo si kawaida yake.

"Mama Kalekye, nimekuja kuomba benchi la Jumamosi."

"Limevunjika mguu, mama."

"Nimesikia. Lakini si wewe ni fundi?"

Akaendelea, sasa hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama mlango wa Aloo ng'ambo ya ua.

"Nimeomba viti kwa Aloo, amesema vimeenda kushonwa. Nimeomba kwa Teresiah, amesema atakuwa na wageni. Nimewaomba wale wa nyuma waje kunisaidia kupika, kila mmoja ana safari. Wote Jumamosi hiyohiyo. Nimebaki na viti vinne na stuli. Wazee wanane, Mama Kalekye. Niwasimamishe kama watu wa foleni?" Akanigeukia. "Kuna kitu wanaambiana juu yangu. Wewe ndiye bado unaingia kwangu. Niambie. Wanasema nini?"

Hapo ndipo ingekuwa rahisi. Alikuwa ameniuliza mwenyewe, tulikuwa wawili tu, na mlango ungeweza kufungwa.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Kama wewe hujui, basi hakuna anayejua." Akaniomba radhi kwa kunisumbua kabla sijavua viatu, akaondoka.

Nimeishi miaka thelathini na minane. Nimesema uongo mdogo mwingi na mkubwa kidogo. Lakini neno lile moja sitalisahau.

Jumatano, Mei 20

Sili vizuri. Wacuka amenipita getini, akanisalimia, "Shikamoo, Auntie," kwa heshima yote. Macho yake yamevimba. Nasikia anataka kumwambia Ngigi waahirishe.

Ijumaa, Mei 22

Niliomba ruhusa kazini saa sita nikarudi. Niliazima madebe mawili kwa muuza mahindi ya kuchemsha, nikakoka moto katikati ya ua, mahali ambapo kila mlango unaona. Halafu nikalitoa benchi, nikalikata kamba.

Kwanza alitoka Aloo, tepu ya kupimia shingoni. Kisha wale wa nyuma. Teresiah alikuwa anatoka dukani, akasimama na mkate wake kwapani.

"Unachemsha nini, Mama Kalekye?" akauliza Aloo. "Kuna sherehe?"

"Njooni karibu," nikasema. "Njooni muone kilichowauma."

Nikamwaga debe la kwanza. Sikuhitaji kueleza sana. Walitoka kwenye matundu wakaelea kwenye maji kama dengu, ua mzima ukawaona. Mtu mmoja akasema "Yesu!" Mwingine akashika mgongo wake mwenyewe.

Nikazungumza nikitazama maji. Nilisema mbao nilizitoa kwenye vitanda vya lojingi. Nilisema mwenye mbao aliniambia nizimwagie maji ya moto na mimi nikajiona najua kuliko yeye. Nilisema benchi lilianza kwa Mama Wacuka, ndiyo maana yeye aliumwa wa kwanza, na kwamba aliniita nikamsaidie kwa siri. Nilisema kwake hakukuwa na mdudu hata mmoja kabla yangu. Nilisema mguu haukuvunjika, niliuvunja.

Teresiah aliuliza, "Tangu lini unajua?"

"Tangu tarehe tatu."

"Na leo ni ishirini na mbili."

"Ndiyo."

Nikageuka, nikamwona Mama Wacuka mlangoni kwake na mwiko mkononi. Sijui alisikia tangu wapi. Alitembea mpaka pale kwenye maji, akatazama, akanitazama mimi. Alikuwa ametulia kabisa.

"Na lile gazeti?" akauliza.

"Lilikuwa langu."

"Ulikuwa umelibeba kutoka nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikapanda kwenye stuli nikawaletea mengine."

Nilitaka kupiga magoti, lakini nilikuwa nimeshika debe la pili. Yeye akageuka akaingia ndani, akafunga mlango kwa utaratibu, bila kuubamiza. Nikamwaga debe la pili. Nilipomaliza, ua ulikuwa mtupu.

Jumamosi, Mei 23

Jua. Tangu asubuhi akina mama wanapita na viti vichwani, wanaingia kwa Mama Wacuka wameinamisha nyuso. Vya Aloo vimepona ghafla huko vilikokuwa vinashonwa. Teresiah ameleta sufuria kubwa, na wale wa safari wote wamekosa gari, wako pale wanamenya viazi.

Nilimwambia Makau apeleke viti vyetu viwili vya chuma, ambavyo nilivichemsha mpaka rangi ikababuka. Alikwenda navyo. Baada ya dakika mbili akarudi navyo.

"Amesema asante," akasema, "viti vinatosha."

Wageni walifika saa nane. Nyimbo, vicheko, vigelegele, vyote nimevisikia kupitia ukutani. Nimekaa kwenye kimoja cha viti hivyo. Nilimsikia mzee mmoja akisema kwa sauti kubwa, "Mama, una majirani!" Nililia. Furaha ilikuwamo, na sikuwa na haki nayo.

Jumatano, Mei 27

Benchi nimelipasua kuni. Mwerezi unawaka vizuri na unanukia.

Jumapili, Mei 31

Jumuiya jana ilikuwa kwa Mama Wacuka. Nilikwenda, nikasimama nyuma karibu na mlango. Nafasi za kukaa zilikuwepo. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniita.

Ijumaa, Juni 5

Mfereji wake unadondoka. Nausikia kupitia ukutani wakati napika.

Jumatatu, Juni 8

Ameita fundi. Kijana wa sokoni na begi la vyuma. Nilikuwa nafua uani na dirisha lake lilikuwa wazi, nikamwona akiichomeka washa kichwa chini miguu juu. Nilifumbua mdomo. Nikaufumba. Nikaendelea kufua shuka ileile ambayo ilikuwa imeshatakata.

Jumanne, Juni 9

Tip. Tip. Tip.

Jumamosi, Juni 13

Mvua imekwisha, baridi imeingia. Nilikuwa nafagia ngazi ya mlango wangu. Mama Wacuka alitoka, akasimama upande wake wa ua.

"Mama Kalekye. Lete spana."

Nikaileta. Nilikuwa na washa mfukoni tangu Jumanne, hilo nakiri. Nilifunga maji, nikafungua mfereji, nikaitoa ile iliyokuwa imepinduliwa, nikaweka mpya. Yeye alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, nami sikusema kwamba asiufunge kwa nguvu. Nilipofungua maji, yalitoka, na nilipofunga, yakakoma. Tukasikiliza kimya chake wote wawili.

Nikafuta mikono, nikaanza kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Chai iko tayari."

Akapita mbele yangu mpaka sebuleni. Akachukua gazeti juu ya kabati, la jana, halijakunjuliwa. Akalitandika kwenye kiti kile cha kitambaa, akalilainisha kwa kiganja, pembe kwa pembe, bila haraka. Kisha akasimama wima, akanitazama usoni.

"Karibu," akasema. "Keti."

Nikaketi juu ya gazeti. Akaninawisha mikono, akanitilia chai, akaniwekea viazi vitamu.